Nina miaka 49, sijaoa, nataka kuhama Mombasa: niende mji gani?

Swali: Shikamoo mshauri. Mimi ni mzaliwa wa Tudor, nina miaka 49. Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini na nimeifanya tangu ujana. Napenda wanaume. Sina mke, sina mtoto, na mwenzangu niliyekuwa naye kwa siri miaka mingi ameoa akahamia Malindi. Mama alifariki mwaka jana; nyumbani nimebaki na dada yangu. Kila harusi naulizwa yangu ni lini. Sitafuti disko wala mji wa vijana. Nataka mahali nitakapozeeka bila kujificha kila saa, na nataka niendelee kuswali. Wenzangu wananitajia Nairobi, Kigali na Cape Town, wengine Ulaya na Kanada. Niende wapi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na pole sana kwa msiba wa mama.

Wengi wanaoniuliza kuhusu kuhama ni vijana wa miaka ishirini na kitu, tayari kulala sakafuni kwa rafiki mpaka mambo yakae sawa. Wewe uko katika umri wa kupimwa presha, sukari na tezi dume kila mwaka, una akiba ya NSSF, una ujuzi wa kazi ambao haujifunzwi kwa mwezi mmoja. Kwa hiyo sitakuhesabia baa wala maandamano ya kila mji. Nitauliza mambo ambayo kijana hayaulizi: je, utaruhusiwa kukaa na kufanya kazi kihalali? Kazi unayoijua ipo huko? Na ukiugua homa Jumatano usiku, kuna mtu wa rika lako, anayekujua ulivyo, atakayegonga mlango? Sheria nzuri ni muhimu, lakini nimewaona wanaume waliohamia penye sheria nzuri kuliko zote wakakaa chumbani peke yao kwa sababu hawakuwa na karatasi wala watu.

Anza na unachokihama. Kwetu Kenya, kwa mapenzi ya wanaume wawili, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa hadi miaka 14 jela, na cha 165 hadi mitano. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Hata hivyo mahakama zetu hazikusema upande mmoja tu. Machi 2018 Mahakama ya Rufaa, ikiketi hapahapa Mombasa, iliamua kwamba kumpima mtu kwa nguvu sehemu ya haja kubwa ili kutafuta ushahidi ni kinyume cha Katiba. Kesi ile ilitokana na wanaume wawili waliokamatwa Kwale mwaka 2015. Februari 2023 Mahakama ya Juu ikasema shirika la NGLHRC, linalotetea haki za mashoga na wasagaji, lina haki ya kusajiliwa, na Septemba mwaka huohuo ikakataa kuupitia upya uamuzi wake. Mwezi ule wa Septemba watu waliandamana hapa mjini kupinga uamuzi huo. Wewe uliyaona, na naamini ndipo wazo la kuhama lilipokomaa.

Miji miwili niiondoe mapema, maana najua itakunong'oneza. Unguja na Dar es Salaam zina lugha yako, chakula chako, adhana na bahari ileile. Lakini Tanzania Bara adhabu inafika kifungo cha maisha, Zanzibar nako ni kosa, na mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wakati ule, Paul Makonda, alitangaza hadharani kikosi cha kuwasaka wanaopenda wa jinsia yao. Kampala usiende kabisa. Sheria ya Uganda ya Mei 2023 ina kifungo cha maisha, na kifo kwa makosa inayoyaita yaliyokithiri. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa ikiwa hai. Nchi hiyo nitairudia, kwa sababu iko njiani.

Nairobi. Sheria ni ileile, haibadiliki hata nukta ukishuka treni Syokimau. Kinachobadilika ni idadi ya macho. Mombasa mtu akikuona na mgeni mara mbili, kabla ya magharibi shangazi yako wa Kisauni ameshapata habari, pamoja na jina la babake mgeni. Kilimani au Kileleshwa ghorofa ina milango arobaini na anayekujua ni bawabu tu. Kazi yako ipo: bohari ya makontena ya Embakasi inaendeshwa kwa mfumo uleule wa forodha unaoutumia kila siku, na huhitaji kibali cha mtu yeyote. GALCK, muungano wa mashirika ya watu kama wewe, wapo tangu 2006, na kuna kliniki zinazowahudumia wanaume bila kuwauliza maswali ya kuwadhalilisha. Wanaume wa zaidi ya miaka 45 wapo pia, ingawa hutawaona mitandaoni. Wanakutana majumbani, chakula cha Jumapili, na unaingia kwa kutambulishwa. Hilo linaweza kuchukua mwaka.

Shida ya Nairobi ni ulaghai. Mwanamume wa makamo, mwenye kazi, anayeishi peke yake na mwenye siri, ndiye windo linalotafutwa na wale wanaojifanya wachumba kwenye programu za simu. Unaitwa nyumba ya mtu, dakika kumi baadaye mlango unagongwa na wanaume watatu, mmoja anajiita polisi, na unaambiwa utume pesa kwa M-Pesa au familia ipigiwe simu. Likikupata, usitume hata mara ya pili. Anayelipwa leo atarudi kesho. Hifadhi ujumbe na namba, tafuta wakili. Kumtisha mtu ili kumtoa pesa ni kosa la jinai hata kama aliyetishwa ni wewe. Na mkutano wa kwanza na mtu usiyemjua uwe mkahawani, mchana, daima.

Kigali nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu watu huitaja haraka na kuipita.

Rwanda haina sheria inayofanya mapenzi ya wanaume wawili kuwa kosa, na hili ni jambo kubwa katika eneo letu. Mkenya anaingia kwa kitambulisho, bila viza, na ada ya kibali cha kazi imeondolewa kwa raia wa Kenya. Kibali chenyewe bado utakiomba, na utahitaji mwajiri au biashara. Hapo ndipo ujuzi wako unapokuwa mali. Rwanda haina bahari. Mizigo yake inapita Mombasa au Dar es Salaam. Kampuni za Kigali zinahitaji watu wanaojua kwa nini kontena limekwama Mombasa na ni nani wa kumpigia. Kule Masaka, nje kidogo ya mji, DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, wana bandari kavu. Wewe unaijua ncha moja ya barabara ile kuliko karibu kila mtu aliye ncha ya pili. Kabla ya kufunga sanduku, pitia orodha ya wateja wako wa zamani wenye mizigo ya Rwanda, uone ni wangapi wana ofisi Kigali.

Kuhusu swala, tazama Nyamirambo. Ni mtaa wa zamani wa Waislamu, una misikiti, una maduka yanayofungwa usiku sana, na Kiswahili utakisikia barabarani pale kuliko sehemu yoyote nyingine ya Kigali. Tangu 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, lakini usidanganyike: maisha ya mji yanaendeshwa kwa Kinyarwanda, na bila kujifunza utabaki mgeni miaka yote.

Sasa upande wa pili. Kutokuwa kosa si sawa na kulindwa. Hakuna sheria itakayomzuia mwenye nyumba kukufukuza, na Katiba yao inatambua ndoa ya mume na mke tu. Mwaka 2021 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliandika kuhusu watu waliokusanywa na kuzuiliwa katika kituo cha Gikondo mjini Kigali, wakiwamo mashoga na watu waliobadili jinsia, pamoja na wachuuzi na watoto wa mitaani. Wengi waliokumbwa walikuwa maskini na wanaoonekana. Mwanamume mwenye kibali, ofisi na mkataba wa nyumba hakumbwi kirahisi hivyo, lakini sitaki uende ukidhani ni peponi.

Kuna jambo jingine la Kigali ambalo kwa mtu wa hali yako linakata pande zote. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda: mtaa mzima unatoka asubuhi kufagia, kuchimba mitaro, kupanda miti, kisha watu wanakaa kikao. Kiongozi wa mudugudu, yaani wa mtaa, anajua nani anaishi nyumba gani. Kwa mwanamume aliyehama peke yake, sijui mji mwingine unaokupa majirani haraka hivyo. Ukifika na jembe mara mbili, mara ya tatu utaulizwa mbona ulichelewa, na ukiugua watajua. Lakini jirani anayejua kama umeugua anajua pia ni nani analala kwako. Ukipata mwenza, itabidi mwanzo muwe marafiki wanaotembeleana mchana, polepole. Kuna wanaume wanaoishi hivyo kwa utulivu na wameridhika. Wengine wanasema ni kujificha kulekule, tofauti ni kwamba huogopi jela. Ni wewe tu unayejua ni lipi linakuchosha zaidi: hofu ya polisi, au kimya.

Na usafiri: usiende kwa basi. Barabara ya Kigali inapita Uganda kutoka mpakani hadi mpakani, na simu yako ina picha na mazungumzo ya miaka. Panda ndege Nairobi. Ikiwa kazi itakulazimu kupita Busia au Malaba, pita na simu nyingine isiyo na chochote.

Cape Town ndiyo mji unaouota usiku, nadhani, na sikulaumu. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 ilikuwa ya kwanza duniani kutaja wazi kwamba mtu asibaguliwe kwa sababu ya mwelekeo wake wa mapenzi, na tangu Novemba 2006 wanaume wawili wanaweza kufunga ndoa kisheria. Maana yake kwa mtu wa miaka 49 ni hii: mwenzako anatambuliwa na daktari unapolazwa, anarithi ukifa, anaingia kwenye bima yako. Kuna jingine ambalo halimo katika sheria yoyote. Kule utaona wanaume wa miaka 60 na 70, wawili wawili, wamezeeka pamoja, wakichagua nyanya sokoni, mmoja akimkemea mwenzake kwa kusahau miwani. Sisi wa huku hatujawahi kuona uzee wa namna hiyo, na kuuona kwa macho kunamfungua mtu kifua. Shirika la Triangle Project linafanya kazi mjini humo tangu 1981. Wana ushauri nasaha na huduma za afya.

Lakini Green Point na De Waterkant, mitaa inayosifiwa, ni ya wenye pesa na kodi yake ni kali mno. Observatory na Woodstock zimechanganyika zaidi, na huko utakutana na Waafrika kutoka nchi nyingine. Kwenye vitongoji vya mbali hali ni nyingine kabisa: mwaka 2006 Zoliswa Nkonyana, msichana aliyependa wasichana, aliuawa na kundi la vijana Khayelitsha. Kisha kuna ugeni wako. Mwaka 2008 vurugu dhidi ya wageni ziliua watu zaidi ya 60 nchini humo, na chuki hiyo imerudi mara kadhaa tangu hapo. Unaweza kuacha kuchukiwa kwa unayempenda ukaanza kuchukiwa kwa pasipoti yako, na mtu mweusi mwenye lafudhi ya kigeni anayetafuta nyumba atalihisi hilo kabla ya wiki kwisha.

Kwa upande wa dini, Cape Town ina Waislamu tangu karne ya 17 na misikiti ya Bo-Kaap, mtaa wao wa zamani, itakupokea kama muumini yeyote. Imamu Muhsin Hendricks, mzaliwa wa mji huo, alijitangaza kuwa anapenda wanaume katika miaka ya 1990 na akafungua msikiti wa kuwapokea Waislamu waliokuwa hawana pa kwenda. Februari 2025 alipigwa risasi akauawa karibu na mji wa Gqeberha, zamani Port Elizabeth. Nililia siku ile, maana wapo watu wa pwani hii waliokuwa wakimsikiliza kwa siri na ndiye aliyewafanya waendelee kuswali. Nakuambia haya ili ujue kwamba hata penye katiba bora, imani na hali yako bado vina maadui.

Karatasi za Afrika Kusini ndizo mlima. Tangu 2023 Mkenya anaruhusiwa kuingia bila viza na kukaa hadi siku 90 kwa mwaka, kutembea tu. Kufanya kazi kunahitaji viza ya kazi, na hiyo inahitaji mwajiri aliye tayari kuonyesha kwa nini anakutaka wewe badala ya raia. Kwa kazi yako ningetazama Durban kabla ya Cape Town, kwa sababu bandari ya Durban ni kubwa zaidi na joto lake na bahari yake ni vya kwetu. Ina jamii ya watu wa kama wewe pia, ndogo na isiyojionyesha sana.

Kanada na Ulaya nitazipita haraka. Mfumo wa pointi ambao Kanada huchagulia wahamiaji humpa mwenye miaka 45 na kuendelea sifuri kwa umri. Kadi ya fursa ya Ujerumani, yaani ruhusa ya kwenda kutafuta kazi iliyoanza Juni 2024, haitoi pointi ya umri kwa aliyevuka 40. Milango haijafungwa, lakini utaipita kwa kazi mahususi au kwa ndoa ya kweli. Kuhusu ukimbizi: ni haki ya mtu aliye hatarini, na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilithibitisha mwaka 2013 kwamba watu wa hali yako wanaweza kulindwa kama kundi. Ikiwa umetishiwa au umeshambuliwa, niandikie faragha leo hii. Ikiwa hujapata hayo, mkimbie dalali atakayekuuzia hadithi ya kubuni. Hadithi hiyo ikivunjika, na huvunjika, jina lako linaharibika kila ubalozi, na anayefuata nyuma yako mwenye majeraha ya kweli haaminiwi.

Basi uamuzi wangu, kwa kuwa umeniuliza wewe uende wapi. Panga kuishi Kigali, na nenda Cape Town kama mgeni kwanza. Nairobi iwe ya kurudia kama Kigali itakukataa, kwa sababu umeniambia hutaki kujificha kila saa, na Nairobi hofu ya sheria utaibeba palepale.

Cape Town nenda Julai. Kila mtu atakuambia Februari, msimu wa sherehe na jua. Julai ni baridi, mvua inanyesha kwa upepo, watalii hawapo, na hapo ndipo utakapojua kama mji una nafasi yako. Usikae hotelini, panga chumba Observatory kwa mwezi mzima. Pika mwenyewe. Nenda kliniki ukapimwe presha kama mkazi, sikia wanavyokuuliza habari za mwenza. Jiunge na kitu kinachokutana kila wiki, iwe kwaya, matembezi ya mlimani au darasa, kwa sababu wanaume wa makamo hupata marafiki kwa kuonana mara kwa mara, si kwa usiku mmoja. Wiki ya nne jiulize: nani ameniuliza habari zangu bila mimi kumtafuta? Kisha fanya hivyohivyo Kigali, na huko uhakikishe unakuwepo Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ukirudi, linganisha majina ya watu, usilinganishe mandhari.

Wakati wa majaribio hayo usiache kazi. Chukua likizo zako ulizozilimbikiza. Na usiuze sehemu yako ya nyumba ya Tudor ili kupata nauli au mtaji. Nimeona wanaume wakiuza, mji mpya ukawashinda, wakarudi kuwa wapangaji wa ndugu zao. Akiba yako ya NSSF unaweza kuidai ukifika miaka 50 na umeacha kazi, lakini ikiwezekana iache ikungoje.

Andika wosia kabla ya safari. Mirathi ya Mwislamu nchini Kenya inakwenda kwa sheria ya Kiislamu, na wewe huna mtoto, kwa hiyo dada yako na ndugu wa ukoo watarithi kwa mafungu yao. Mtu asiye mrithi, mathalani mwenza utakayempata au rafiki atakayekuuguza, unaweza kumwachia hadi theluthi ya mali yako kwa wosia, bila kulazimika kueleza ni nani kwako. Fanya mbele ya wakili na mashahidi wawili unaowaamini. Bila karatasi hiyo, aliyekushika mkono hospitalini atatolewa nyumbani kwako siku ya tanga.

Hukuniambia kama dada anajua. Simwamulii mtu lini aseme, ila kwa miaka yote hii mmeishi nyumba moja, na mara nyingi dada huwa anajua zaidi ya tunavyodhani. Kwa sasa mpe anwani utakakofikia, nakala ya pasipoti na namba ya mtu mmoja wa huko, mwambie unakwenda kutafuta kazi, maana ni kweli. Mengine mwambie ukishakuwa na kibali na mlango wenye ufunguo wako, ili akikasirika usiwe unategemea chumba chake, na akikukumbatia awe na mahali pa kuja kukutembelea.